Mtimkaji wa barabara au wa velodromu: njia ipi inamfaa kijana wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya?

Kijana wa mbio za baiskeli anayewaacha wenzake kila kundi linapokaribia mstari wa mwisho, iwe ni Njoro, Ahero au Mumias, huambiwa jambo moja: wewe ni mtimkaji. Huenda ni kweli, lakini jina hilo limebeba kazi mbili zisizofanana. Kuna anayetimka mita 200 baada ya kilomita 180, barabarani, akiwa amekaa kwenye kiti saa nne na zaidi. Kuna anayetimka mita hizo hizo kwenye velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli wenye kona zilizoinuliwa, akiwa ametoka kupumzika nusu saa. Baiskeli zao ni tofauti, miili yao ni tofauti, na pesa zao hazitoki mfuko mmoja. Anayekosea kuchagua hupoteza misimu mitatu au minne ya ujana wake, tena ile iliyo bora.

Tuseme msimamo wetu mapema. Usichague kwa kasi yako ya juu kabisa. Chagua kwa kasi inayobaki miguuni baada ya saa tatu au nne, kisha uangalie kama una mahali pa kufanyia kazi hiyo bila kuhama nchi. Mengine yote hapa chini yanatokana na hayo mawili.

Siku ya kazi ya kila mmoja

Mtimkaji wa barabara hushindana kilomita 150 hadi 200 kwa siku, na mbio za Milan–San Remo nchini Italia hukaribia 300. Sehemu kubwa ya siku hiyo haonekani. Hujificha nyuma ya wenzake ili wamkatie upepo, na kwa kufanya hivyo huokoa karibu theluthi ya nguvu au zaidi. Zikibaki kilomita 10, vita vya nafasi huanza: kila timu inataka mtu wake awe kati ya 15 wa mbele, na anayerudi nyuma kuchukua chupa ya maji wakati huo amekwisha. Ndani ya kilomita ya mwisho wavutaji wake, yaani wenzake wa timu wanaomkatia upepo, humalizika mmoja mmoja, na wa mwisho humwachia zikiwa zimebaki mita 200 au 150, kasi ikiwa kilomita 65 hadi 75 kwa saa. Kutoka hapo ni sekunde 10 hadi 15.

Makosa ya barabarani yanajulikana. La kwanza ni kuondoka mapema upepo ukivuma usoni: mita 250 dhidi ya upepo ni ndefu kuliko 300 upepo ukiwa mgongoni. La pili ni kubanwa kwenye uzio. La tatu ni kuweka gia nzito kabla ya muda, miguu ikakwama wakati mwingine anaruka. La nne ni kuhama mstari wako na kumzuia aliye nyuma, na hapo waamuzi hukushusha hadi mwisho wa kundi ulilofika nalo.

Liko jambo jingine ambalo watazamaji hawalioni: muda wa mwisho. Katika mashindano ya hatua, yaani ya siku kadhaa mfululizo, anayefika akiwa amepitisha asilimia fulani ya muda wa mshindi hurudishwa nyumbani hata kama jana yake alishinda. Kwa hiyo mtimkaji wa barabara lazima ajue kupanda mlima, si kwa kushinda bali kwa kutopotea. Kijana wa Kisumu asiyeweza kutoka Ahero hadi Kericho, kupanda kwa takriban mita 1,000, bila kuachwa vibaya, bado hajawa mtimkaji wa barabara hata kama hakuna anayemshinda kwenye tambarare ya Kano. Vivyo hivyo kwa wa Nakuru: kuteremka hadi Mogotio ni raha, kipimo ni kurudi.

Sasa velodromu. Uwanja wa kawaida wa kimataifa ni duara la mita 250, mara nyingi la mbao, lenye kona zilizoinuliwa kwa nyuzi 42 hadi 45. Mtimkaji ana mashindano matatu ya Olimpiki. Sprinti ya wawili huanza kwa kila mtu kupimwa peke yake mita 200 akiwa tayari kwenye kasi. Baada ya hapo watu wawili wanakabiliana mizunguko mitatu, wakiviziana polepole juu ya kona hadi mmoja ateremke kwa ghafla. Anayeongoza akishaingia kwenye njia ya chini, kati ya mstari mweusi na mwekundu, na kuanza kutimka, haruhusiwi kutoka humo kumzuia mwenzake, na wa nyuma haruhusiwi kumpita kwa ndani. Keirini hufuata pikipiki inayopandisha kasi kutoka 30 hadi 50 kwa saa, kisha pikipiki hutoka na kuwaachia mizunguko mitatu. Sprinti ya timu ni watu watatu, kila mmoja akiongoza mzunguko mmoja. Uholanzi walitumia sekunde 40.949 huko Paris mwaka 2024. Harrie Lavreysen alitwaa dhahabu zote tatu katika michezo hiyo.

Juhudi moja ni ya sekunde 10 hadi 60, lakini hurudiwa mara tano au sita kwa siku. Katikati kuna kupumzika, kuzungusha pedali kwenye rola za mazoezi zisizokupeleka popote, kula kidogo, kujifunika miguu isipoe. Anayejua kukimbia mara moja tu kwa siku hafiki nusu fainali.

Kwa ufupi, hivi ndivyo kazi hizo mbili zinavyokaa zikiwekwa pamoja:

| | Barabara | Velodromu |
|---|---|---|
| Muda wa shindano | saa 3 hadi 6, sprinti sekunde 10–15 | sekunde 10–60, mara kadhaa |
| Nguvu ya juu | wati 1,200–1,600, miguu ikiwa imechoka | zaidi ya wati 2,000, miguu ikiwa mipya |
| Uzito wa kawaida wa wanaume | kilo 65–85 | kilo 85–100 |
| Siku za mashindano kwa mwaka | 60–80 | chache, kwa vipindi |
| Anayelipa | timu ya kitaalamu | shirikisho la nchi, wafadhili |

Jipime kabla ya kuuliza mtu

Hakuna haja ya maabara. Unahitaji utepe wa mita 50, chaki, saa mbili za kupimia, watu wawili wa kuzishika na siku mbili tofauti.

Tafuta barabara iliyonyooka yenye mita 700 zisizo na tuta wala njia panda. Upande wa Kisumu, barabara za mashamba ya miwa kuelekea Miwani na Chemelil zinafaa Jumapili alfajiri, kabla ya matrekta. Upande wa Nakuru, tafuta sehemu tulivu kuelekea Solai au Rongai. Barabara kuu ya Nairobi, Nakuru na Mau Summit usiiguse hata kwa jaribio moja. Trela haliwezi kumkwepa mtu aliyeinamisha kichwa. Weka mtu wa kuangalia magari kila upande. Kisumu, maliza kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu baadaye upepo wa ziwani huanza kuingia nchi kavu na kuharibu vipimo.

Jaza tairi upepo sawasawa siku zote mbili, kwa pampu yenye geji, si kwa kubonyeza kwa kidole. Tumia gia ile ile. Meno 52 mbele na 13 nyuma inatosha kwa kijana.

Siku ya kwanza, pasha mwili dakika 30 na uongeze kasi mara tatu. Kisha jenga kasi kwa mita 300 hadi 400, uvuke alama ya kwanza ukiwa tayari umefika kasi ya juu, na ushikilie hadi alama ya pili, mita 200 mbele. Pumzika dakika 20, rudia kwa upande mwingine. Jumlisha, gawanya kwa mbili. Kwenda na kurudi hufuta sehemu kubwa ya makosa ya upepo na mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Kumbuka kwamba saa ya mkononi hukosea hadi sehemu mbili za kumi za sekunde, ndiyo maana tunataka saa mbili.

Siku tatu baadaye, endesha kilomita 90 hadi 100 kwa takriban saa tatu, dakika 20 za mwisho ukiwa huwezi kuzungumza sentensi nzima. Bila kukaa chini, fanya jaribio lile lile pande zote mbili, ukizungusha miguu dakika tano katikati.

Hapa wengi huharibu jaribio kwa njaa na kudhani ni ukosefu wa kipaji. Katika saa hizo tatu unahitaji gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa cha gramu 150 kina kama 30, na chupa ya nusu lita ya maji yenye gramu 40 za sukari na chumvi kidogo inakamilisha. Anza kula dakika ya 30, usingoje kuona nyota.

Sasa soma majibu. Mita 200 kwa sekunde 12.0 ni kilomita 60 kwa saa, kwa 11.1 ni 65, kwa 13.1 ni 55. Kama siku ya kwanza ulipata 12.0 na siku ya uchovu 12.6, umepoteza asilimia 5 ya muda. Kwa kuwa upepo hukuzuia kwa nguvu inayopanda upesi kuliko kasi, hiyo ni kama asilimia 14 ya nguvu yako. Huo ni mwili wa barabara. Kama ulipata 11.4 kisha 13.0, umepoteza asilimia 14 ya muda, yaani karibu theluthi ya nguvu: misuli ya kulipuka, inayochoka haraka, mali ya velodromu. Tunaweka mpaka wetu hivi: chini ya asilimia 6, barabara, juu ya 12, velodromu, katikati, soma sehemu ya mlango wa tatu hapa chini. Na kama ni 13.8 kisha 14.0, wewe huchoki, lakini si mtimkaji pia. Jipime kwenye mlima au mbio za kushindana na saa, huenda huko ndiko kwako.

Onyo kwa wanaolinganisha vipimo vya miji miwili. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Hewa ya Nakuru asubuhi ni nyepesi kwa kama asilimia 6, na kwa nguvu ile ile hilo humpa mtu wa Nakuru karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kwenye mita 200. Kocha anayechagua vijana wa kaunti mbalimbali asiwaonee wa Kisumu. Hii ndiyo sababu rekodi nyingi za velodromu huwekwa milimani: Nicholas Paul wa Trinidad na Tobago alikimbia sekunde 9.100 mwaka 2019 huko Cochabamba, Bolivia, mji ulio juu ya mita 2,500. Tangu mwaka 2025 rekodi ya wanaume imeshuka chini ya sekunde 9.

Chuma unachokalia

Baiskeli ya barabara kila fundi wa mjini anaielewa kwa kiasi fulani. Watimkaji wengi hutumia meno 54 na 40 mbele, na nyuma kuanzia 11 hadi 30, tairi za milimita 28. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, hairuhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo usikubali kuuziwa wepesi kana kwamba ndio ushindi. Kwa mtimkaji, fremu isiyojipinda ukisimama kwenye pedali ni muhimu kuliko gramu 300 pungufu. Ukinunua ya mtumba, geuza juu chini, angalia chini ya fremu karibu na krenki na nyuma ya shingo ya usukani kama kuna ufa, kisha pima mnyororo: ukiwa umerefuka, ukikaza pedali utaruka jino, na kuruka jino ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa ni kuanguka.

Baiskeli ya velodromu ni kitu kingine kabisa. Ina gia moja, haina breki, na gurudumu la nyuma haliachii: likizunguka, pedali zinazunguka. Anayesahau na kuacha kukanyaga hurushwa. Gia huchaguliwa kabla ya shindano, na hesabu yake ni rahisi: meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mita 2.1 za mzingo wa gurudumu. 52 kwa 13 hukupeleka mita 8.4 kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 60 kwa saa ni mizunguko 119 kwa dakika. 60 kwa 14 ni mita 9.0, na anayekimbia mita 200 kwa sekunde 9.5 hapo anazungusha kama 140. Gia ikiwa nzito mno, unashindwa kuruka mwenzako anaposhambulia. Ikiwa nyepesi mno, miguu inazunguka hewani katika mita 50 za mwisho.

Nati za gurudumu la nyuma hukazwa kwa spana ya 15. Zikilegea, mtimkaji akianza kutoka kusimama mnyororo huvuta upande wa kulia mbele, gurudumu likasugua fremu upande wa kushoto na kusimama. Mnyororo usikazwe kama waya wa gita wala usining'inie. Ukiubonyeza katikati uende kama sentimita moja. Zungusha krenki mzunguko mzima ukiangalia, maana sproketi si duara kamili na kuna mahali pa kukaza zaidi.

Msifanye kosa la kupeleka baiskeli hii barabarani ikiwa haina breki. Wala uwanja wa riadha si velodromu. Kona ya uwanja wa mita 400 ina nusu kipenyo cha kama mita 36.5, kwa kilomita 50 kwa saa lazima ulale nyuzi 28, na kwa kuwa pedali haziachi kuzunguka, ya ndani hugonga chini. Mbali na hilo, utaharibu sakafu ya wanariadha.

Mahali pa kufanyia kazi

Hili ndilo linalotufanya tuwashauri wengi waanze barabarani. Kenya haina velodromu ya kimataifa. Za karibu barani ziko mbali: Cairo, Abuja, na Afrika Kusini. Kijana wa velodromu anaweza kujenga nguvu Kakamega au Nakuru kwa vyuma vya mazoezi, kuanza kutoka kusimama kwenye mwinuko mdogo, na rola za nyumbani, lakini hawezi kujifunza kuteremka kutoka juu ya kona, kumvizia mwenzake au kufuata pikipiki ya keirini akiwa na watu watano ubavuni. Hayo hujifunzwa kwa mamia ya mizunguko juu ya mbao.

Mfano unaouma ni wa Ese Ukpeseraye wa Nigeria. Alikwenda Paris 2024 kwa mbio za barabara, akapata nafasi ya velodromu kwa kuchelewa, hakuwa na baiskeli ya velodromu, na timu ya Ujerumani ikamwazima. Alishindana, na anastahili heshima kwa hilo. Lakini pigeni hesabu: miguu ipo, moyo upo, chuma na mbao havipo. Trinidad na Tobago ni nchi ndogo kuliko Kaunti ya Nakuru, ila imejenga velodromu Couva, na ndipo Nicholas Paul akawa na pa kusimama.

Barabara kwa upande wake iko mlangoni. Iten ilikuwa makao ya Kenyan Riders, timu iliyomkuza Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyeendelea hadi Bike Aid ya Ujerumani na baadaye Team Amani, kabla ya kufariki kwenye mashindano ya Vermont, Marekani, Agosti 2022. Ngazi zenyewe ni hizi: klabu, leseni ya shirikisho la baiskeli la Kenya, mbio za kitaifa, kisha mashindano ya Afrika kama Tour du Rwanda, halafu timu ya daraja la Continental, ProTeam na hatimaye WorldTour. Tour du Rwanda ni ya milima. Mtimkaji aende huko kutafuta ushindi wa hatua moja au mbili, si ushindi wa jumla.

Aliyeonyesha kwamba njia hiyo hufika ni Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, Eritrea, mwaka 2000. Alipitia kituo cha mafunzo cha UCI huko Aigle, Uswisi, akashinda mbio za Gent–Wevelgem za Ubelgiji mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani, ya mshindi wa pointi. Asmara ipo juu ya mita 2,300 na imezungukwa na milima, lakini imemtoa mtimkaji. Anayesema ukanda wetu hutoa wapanda milima tu amtazame huyo.

Msidharau pia boda wa baiskeli wa Kisumu na Busia. Anayeondoa Black Mamba yenye abiria kutoka kusimama, mara hamsini kwa siku, anafanya kazi inayofanana na ya mtu wa kwanza katika sprinti ya timu. Kinachompungukia ni mzunguko wa haraka wa pedali. Mpe wiki sita za gia nyepesi, mizunguko 110 na zaidi kwa vipindi vya dakika moja, ndipo umpime.

Pesa, mkataba na viza

Timu za wanaume za WorldTour na ProTeam, na za wanawake za WorldTour, zina mshahara wa chini uliowekwa chini ya kanuni za UCI. Timu za Continental hazina. Kwa hiyo kijana akiletewa karatasi ya Continental, asishangilie kabla ya kuuliza: mshahara ni kiasi gani kwa mwezi na kwa miezi mingapi? Baiskeli ni ya nani msimu ukiisha? Nani hulipa tiketi, bima ya matibabu na nyumba? Viza ya kawaida ya Schengen huruhusu siku 90 katika kila siku 180, na hiyo hukata msimu wa Ulaya vipande viwili. Timu isiyozungumzia kibali cha kukaa haijajiandaa kukupokea. Zawadi za ushindi nazo hugawanywa na wenzako waliokuvuta, na ni haki yao.

Velodromu haina soko la timu la namna hiyo. Anayelipa ni shirikisho la nchi, na nchi hulipa medali ikiwa karibu. Japani ndiko hasa keirini ni ajira kamili. Ilianza Kokura mwaka 1948 kwa mbio za kuwekewa dau, na ina waendeshaji zaidi ya 2,000, lakini wageni huingia kwa mwaliko tu baada ya kufanya vizuri kimataifa. Si mlango wa anayeanza. Mzazi akiambiwa mwanawe atapelekwa Japani moja kwa moja, ashike pochi yake.

Mlango wa tatu

Kwa waliopata asilimia 6 hadi 12, ipo njia ambayo wengi wa watimkaji wakubwa wa barabara waliipitia: mbio za ustahimilivu za velodromu, yaani omniamu (mbio kadhaa zinazojumlishwa pointi), madisoni (wenza wawili wanaopokezana) na kufukuzana kwa timu (watu wanne dhidi ya wanne). Mark Cavendish, mwenye hatua 35 za Tour de France, alikuwa bingwa wa dunia wa madisoni mara tatu. Elia Viviani alichukua dhahabu ya omniamu Rio 2016. Fernando Gaviria alikuwa bingwa wa dunia wa omniamu 2015 na 2016. Jonathan Milan alishinda dhahabu ya kufukuzana kwa timu Tokyo kabla ya kuvaa jezi ya kijani ya Tour mwaka 2025. Velodromu huwafundisha kupita kwenye nafasi ya bega moja na kusoma kundi.

Kutoka sprinti tupu kwenda barabarani ni kugumu zaidi. Theo Bos alikuwa bingwa wa dunia wa sprinti 2004, 2006 na 2007, akahamia barabarani akapata ushindi kadhaa, lakini hakushinda hatua hata moja ya Tour de France. Kilo za misuli zinazoshinda mbao hugeuka mzigo mlimani. Ndiyo maana tunasema: anza na barabara, kwa sababu mtu wa barabara anaweza kuongezewa nguvu ya kulipuka kwa vyuma, ila kumrudishia mapafu mtu wa kilo 95 ni kazi ya miaka.

Kuanguka

Pande zote mbili mtu huanguka, na mzazi ana haki ya kuambiwa. Fabio Jakobsen aligongana na uzio kwenye mita za mwisho huko Katowice, Agosti 2020, akaumia vibaya usoni na kichwani. Alirudi, akashinda hatua ya Tour mwaka 2022. Kristina Vogel, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aligongana na mwenzake mazoezini Cottbus mwaka 2018 akapooza. Barabarani majeraha ya kawaida ni mfupa wa mtulinga na ngozi kuchubuka. Velodromu huongeza vibanzi vya mbao vinavyoingia mwilini, ambavyo hutolewa hospitalini, si kwa sindano ya nyumbani. Hapa kwetu hatari kubwa kuliko zote bado ni gari. Ukifanya mazoezi nyuma ya pikipiki, iwe barabara iliyofungwa au tupu kabisa, dereva awe na kioo na mkubaliane ishara ya mkono ya kupunguza. Asikanyage breki ghafla kwa sababu yoyote.

Kwa kila mmoja, hatua inayofuata

Mwenye miaka 15 au 16, matokeo yoyote: barabara na michezo mingine, vyuma vyepesi tu, jaribio mara mbili kwa mwaka. Mwili bado unabadilika na asilimia zitasogea.

Mwenye miaka 17 hadi 19 aliyepoteza chini ya asilimia 6: klabu na leseni mwaka huu, kilomita 250 hadi 350 kwa wiki, siku moja ya kupanda kuelekea Kericho au Mau Summit kwa barabara za pembeni, siku moja ya kutimka mara 6 kwa sekunde 12 mwisho wa safari ndefu. Kwa wasichana hesabu ni ile ile, na soko lao linakua: Tour de France Femmes ilirudi mwaka 2022.

Aliyepoteza zaidi ya asilimia 12 na ana kasi chini ya sekunde 11.5: squat, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na vyuma begani, mara mbili kwa wiki chini ya mtu anayejua kufundisha, protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kilo ya mwili, ambapo yai moja ni gramu 6 na nusu lita ya maziwa karibu 16, na barua kwa shirikisho la taifa yenye vipimo, urefu, uzito na video, akiomba jaribio kwenye kituo chenye velodromu. Atume vipimo vya siku zote mbili, na aandike vilichukuliwa mji gani na kwenye mwinuko wa mita ngapi. Wakati anasubiri jibu, aendelee kushindana barabarani kwenye mbio fupi za kuzunguka mji, maana huko ndiko atakakojifunza kukaa ubavuni mwa watu bila woga.